Somo la Makatibu na Wanachama: Kura ya Mwakilishi na Jinsi ya Kuifuatilia

Wanachama wa ushirika wamezoea kudai hesabu. Mkulima akipeleka magunia yake ghalani hurudi na stakabadhi. Mwisho wa msimu husoma uzito na bei, na akiona kilo zimepungua huuliza. Lakini kuna kitu kingine ambacho wanachama hao hao hukitoa pasipo stakabadhi yoyote, nacho ni sauti yao. Humchagua mjumbe aende kwenye mkutano mkuu wa chama kikuu, au humchagua mbunge, kisha humwachia sauti hiyo bila kuuliza aliitumiaje. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sauti nayo ni mali.

Somo hili linakusudia kuwaonyesha makatibu na wanachama namna ya kuifuatilia kura ya mwakilishi, hasa katika jambo ambalo likipotea mengine yote hukosa mtetezi: uhuru wa watu kusema, kuuliza na kupashana habari juu ya wale wanaowaongoza.

Na uchukuliwe mfano wa chama cha msingi kimoja. Mkutano mkuu wa chama kikuu umeletewa hoja yenye jina zuri, "Utaratibu Bora wa Mikutano". Ndani yake mna kifungu kisemacho kwamba mwanachama hataruhusiwa kuuliza swali mkutanoni ila awe ameliandika na kulipeleka ofisini siku 21 kabla. Mjumbe ananyosha mkono, anarudi nyumbani, na kutoa taarifa kwamba mkutano ulikwenda vizuri. Kumbukumbu zinasema tu: "Hoja ilikubaliwa." Msimu unaofuata mwanachama anasimama kuuliza kwa nini kila gunia limekatwa kilo 2 kwenye mizani. Mwenyekiti anamwambia aketi, kwa kuwa swali lake halikuletwa kwa maandishi. Anaketi. Hapo ndipo wanachama wanapoanza kuulizana ni nani aliyeikubali kanuni hiyo kwa niaba yao, na mjumbe anajibu kwamba yeye aliipinga. Hakuna karatasi ya kumsuta wala ya kumtetea.

Kura ya siri na kura ya wazi

Wengi huchanganya mambo mawili. Mwanachama anapomchagua kiongozi, kura yake ni ya siri, ili asiogope mwenye nguvu wala mwenye fedha. Lakini mjumbe anapopiga kura kwa niaba ya waliomtuma, kura ile si yake peke yake. Ikiwa siri, waliomtuma hawana njia ya kujua kama ametimiza aliyotumwa.

Nchi moja inayofaa kutazamwa kwa mambo haya mawili ni Australia. Ndiko ambako mwaka 1856 Victoria na South Australia, zikiwa bado makoloni ya Uingereza, zilipitisha sheria za kupiga kura kwa siri kwa karatasi zilizochapwa na serikali. Utaratibu huo ulienea duniani hata ukaitwa kura ya Kiaustralia. Lakini nchi hiyo iliyomfichia mwananchi kura yake haikumfichia mbunge kura yake. Majina ya wabunge waliokubali na waliokataa huandikwa, na mwananchi ye yote aweza kuyasoma.

Kwa wasomaji wa Tanzania jambo hili si geni kabisa. Bajeti ya Serikali inapoamuliwa Bungeni, wabunge huitwa majina mmoja mmoja, na kila mmoja hutamka kura yake mbele ya wote.

Uhuru ambao haukuandikwa

Katiba ya Australia ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1901. Haina kifungu kinachotaja kwa jumla uhuru wa kusema. Hata hivyo vifungu vyake vya 7 na 24 vinasema kwamba maseneta na wabunge watachaguliwa moja kwa moja na watu.

Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Australia, ambayo ndiyo ya juu kuliko zote katika nchi hiyo, ilifikiri hivi: mtu hawezi kuchagua kwa haki kama hawezi kupata habari za wale anaowachagua, wala kuzijadili na wenzake. Kwa hiyo Katiba, ilipowapa watu haki ya kuchagua, iliwapa ndani yake uhuru wa mawasiliano ya kisiasa. Mwaka 1997, katika kesi iliyofunguliwa na David Lange, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand, dhidi ya shirika la utangazaji la taifa la Australia, majaji wote kwa pamoja waliufafanua uhuru huo. Walisema kwamba si haki ambayo mtu huibeba mfukoni na kudai fidia kwayo, bali ni mpaka aliowekewa mtunga sheria. Sheria ikiubana uhuru huo, huulizwa kama shabaha yake ni halali na inapatana na utawala wa uwakilishi, na kama njia iliyotumika inalingana na shabaha hiyo.

Mahakama basi ni mlinzi wa mwisho. Mlinzi wa kwanza ni mbunge mwenyewe, siku anapoulizwa ndiyo au siyo. Ndiyo maana kura yake yapasa kufuatiliwa.

Jinsi kura inavyopigwa na kuandikwa

Bunge la Australia lina Mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, lililokuwa na viti 150 baada ya uchaguzi wa 2025, na Seneti yenye viti 76. Hoja inapofika mwisho, Spika huuliza swali, na wabunge hujibu kwa sauti. Spika hutamka ni upande gani ulioshinda. Ikiwa hakuna anayebisha, mambo yamekwisha, na hakuna jina la mtu linaloandikwa. Maamuzi mengi hupita kwa njia hii.

Lakini katika Baraza la Wawakilishi, wabunge zaidi ya mmoja wakidai hesabu ya kura, kengele hupigwa kwa dakika 4 ili walio nje waingie. Kisha milango hufungwa. Wanaokubali huketi upande wa kuume wa Spika, na wanaokataa upande wa kushoto. Wahesabuji huandika majina ya pande zote mbili, nayo huchapwa katika kumbukumbu za Baraza na katika Taarifa Rasmi za Bunge ziitwazo Hansadi. Upande mmoja ukiwa na wabunge 4 au pungufu, Spika hutangaza matokeo bila kuhesabu, lakini majina ya wachache hao huandikwa katika kumbukumbu.

Katibu wa chama na aizingatie kanuni hii ya mwisho. Walio wachache wameshindwa, nao wanajua kwamba wameshindwa. Lakini wana haki ya kuacha alama yao kwenye kitabu. Gharama yake ni wino wa mstari mmoja tu.

Jina la muswada si muswada

Kosa la kwanza la anayefuatilia kura ni kusoma jina la muswada na kuishia hapo. Mwaka 1991 Bunge la Australia lilipitisha sheria iliyopiga marufuku matangazo ya kisiasa ya kulipia katika redio na televisheni wakati wa uchaguzi. Walioiunga mkono walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba gharama za matangazo zimepanda mno, kwamba vyama vinalazimika kuwategemea matajiri, na kwamba hapo ndipo rushwa inapoingilia. Badala ya matangazo ya kulipia, vyama vingepewa muda wa bure hewani.

Mtu akisoma hayo tu atasema kwamba aliyepiga kura ya ndiyo alikuwa rafiki wa wanyonge. Lakini vifungu vilieleza zaidi. Asilimia 90 ya muda ule wa bure iliwekwa kwa vyama vilivyokuwa tayari na viti Bungeni. Mgombea mpya aligawana na wenzake kilichosalia. Vyama vya wafanyakazi, makanisa, vyama vya hisani na vikundi vingine visivyogombea havikupewa muda wa bure hata dakika moja. Mwaka 1992 Mahakama Kuu iliitangua sheria hiyo.

Mfano wa pili ni wa Tasmania. Mwaka 2014 jimbo hilo lilitunga sheria ambayo jina lake lilihusu kulinda sehemu za kazi dhidi ya waandamanaji. Ni nani asiyetaka sehemu za kazi zilindwe? Lakini polisi walipewa uwezo mpana wa kuwaondoa watu katika maeneo ya msitu ambayo mipaka yake haikujulikana wazi. Bob Brown, aliyekuwa seneta, alikamatwa mwaka 2016 alipokuwa akipinga ukataji wa miti, akaenda mahakamani. Mwaka 2017 vifungu vikuu vya sheria hiyo vilitanguliwa.

Fundisho ni hili: aandikaye kura aandike kwanza kifungu kinafanya nini, kinamzuia nani, na kinamwacha nani. Jina la hoja laweza kuandikwa baadaye.

Si kila mpaka ni dhuluma

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza: kudhani kwamba kila kura ya kuweka mpaka ni kura dhidi ya uhuru. Katika jimbo la New South Wales iliwekwa sheria iliyosema kwamba michango ya kisiasa itolewe na mtu mmoja mmoja aliyeandikishwa kupiga kura, na si na kampuni, chama cha wafanyakazi wala jumuiya yo yote. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliitangua, kwa sababu watu wasiopiga kura na vyama vya watu nao huguswa na serikali, na wana neno la kusema katika mambo yake.

Lakini mwaka 2015 mahakama hiyo hiyo ilikubali sheria nyingine ya jimbo hilo hilo, iliyoweka kikomo cha michango na kuwakataza wafanyabiashara wa kuendeleza ardhi na majengo wasichangie kabisa. Walio wengi kati ya majaji waliona kwamba shabaha ilikuwa kuzuia ufisadi, na kwamba njia ililingana na shabaha.

Hivyo mbunge aliyeikubali sheria ya kwanza na mbunge aliyeikubali ya pili hawawezi kuandikwa katika safu moja kana kwamba walifanya jambo moja. Mwanachama wa ushirika anaifahamu tofauti hii. Kanuni inayompa kila msemaji dakika 5 ni mpaka, lakini inawawezesha wengi kusema. Kanuni inayodai swali liandikwe siku 21 kabla ni mpaka pia, lakini inamnyamazisha asiyejua kuandika, na yule aliyeletewa stakabadhi pungufu wiki iliyopita.

Kura isiyopigwa

Kosa la tatu ni kujaza nafasi iliyo wazi kwa kukisia. Mwaka 2024 Serikali ya Australia ilipeleka muswada wa kupambana na habari za uongo katika mitandao ya mawasiliano. Baraza la Wawakilishi liliupitisha mwezi Novemba. Ilipoonekana kwamba Seneti haitaukubali, Serikali iliuondoa mwezi huo huo. Basi kwa muswada huo wabunge wana kura ya kuupitisha katika kumbukumbu, bali maseneta hawana. Seneta aliyeusema vibaya magazetini aliusema tu. Hakuupigia kura ya mwisho. Katika daftari nafasi yake iandikwe "Haikufika", wala si "Alipinga".

Vivyo hivyo kwa asiyekuwapo. Mbunge aweza kuwa mgonjwa, au safarini, au ametoroka kwa makusudi. Aidha kuna mapatano ambayo kwayo mbunge wa upande mmoja asipokuwapo, mmoja wa upande wa pili naye hujizuia, ili uwiano usiharibike. Daftari liseme "Hakuwapo", na sababu iandikwe ikiwa inajulikana.

Hesabu za asilimia nazo zahitaji tahadhari. Tuseme kwamba hoja 10 zimeletwa juu ya uhuru wa kusema. Mwakilishi wa kwanza alihudhuria zote, akautetea uhuru mara 6 na kuukataa mara 4. Wa pili alihudhuria 3 tu, na zote tatu akautetea. Kwa asilimia, wa kwanza ana 60 na wa pili ana 100. Lakini wa pili alikosekana mara 7, na huenda katika siku hizo 7 hoja ilishindwa kwa kura moja. Asilimia isiyotaja mahudhurio ni kama mizani isiyopimwa uzito wa gunia tupu.

Chama nyuma ya mwakilishi

Jambo la nne ni kwamba mwakilishi mara nyingi hapigi kura peke yake. Katika Chama cha Labor cha Australia wabunge huweka ahadi ya kufuata uamuzi wa kikao chao. Mwezi Juni 2024 Seneta Fatima Payman alivuka na kupiga kura kinyume cha chama chake katika hoja ya kuitambua Palestina. Alisimamishwa kuhudhuria kikao cha wabunge wa chama, na mwezi Julai akajitoa chamani. Hoja ile haikuwa ya uhuru wa mawasiliano, lakini yaonyesha gharama ambayo mwakilishi aweza kulipa kwa kuketi upande mwingine wa chumba.

Kwa sababu hiyo kura ya mtu aliyefuata chama chake haina uzito sawa na ya yule aliyevuka. Anayefuatilia na aandike vyote viwili: mwakilishi alipiga kura gani, na wenzake wa chama walipiga gani. Tena aangalie kura ilipigwa katika hatua ipi. Muswada husomwa mara ya pili ili kuamua shabaha yake, kisha vifungu hujadiliwa na kurekebishwa, kisha husomwa mara ya tatu. Mtu aweza kuikubali shabaha, akapigania marekebisho, akashindwa, kisha akakataa muswada mwishoni. Anayesoma kura moja tu atamwita kigeugeu, na huenda yeye ndiye aliyesimama imara kuliko wote. Kadhalika isisahauliwe hoja ya kufunga mjadala. Huchukua dakika chache, wala haina jina la kupendeza, lakini ndiyo inayoamua kama wengine watasema au hawatasema.

Daftari la kura katika chama cha msingi

Yote haya yaweza kufanywa na katibu mwenye daftari la kawaida la shule na kalamu. Kwa kila kura aandike mambo 7:

1. Tarehe, mkutano, na hoja kama ilivyosomwa.
2. Kifungu kinafanya nini: kinamzuia nani, na kinamruhusu nani.
3. Hatua: shabaha, marekebisho, kufunga mjadala, au uamuzi wa mwisho.
4. Maagizo ambayo mjumbe alipewa na wanachama, kama yalikuwapo.
5. Kura yake: Alikubali, Alikataa, Alijizuia, Hakuwapo, au Haikufika.
6. Matokeo, na idadi ya kura za kila upande.
7. Sababu aliyoitoa mjumbe mwenyewe, kwa maneno yake.

Ile hoja ya "Utaratibu Bora wa Mikutano" ingeandikwa hivi: "Kifungu kinazuia maswali ya mdomo, kinaruhusu yaliyoandikwa siku 21 kabla. Uamuzi wa mwisho. Maagizo: wanachama hawakupewa hoja mapema, hivyo hapakuwa na maagizo. Mjumbe: Alikubali. Matokeo: ilipita. Sababu: alidhani kifungu kinahusu mkutano wa chama kikuu tu." Mistari hii michache ingebadilisha mambo mengi. Ingeonyesha kwamba mjumbe alikosea kwa kutosoma, wala hakuwasaliti wenzake. Ingeonyesha pia kwamba kosa la kwanza ni la ofisi iliyochelewesha hoja. Tena ingewapa wanachama msingi wa kumtuma tena na maagizo ya kuomba kifungu kirekebishwe.

Ili daftari lijazwe, wajumbe hawana budi kudai kura ihesabiwe kwa majina katika mambo mazito. Wasisubiri mpaka wawe wengi. Hata akiwa mmoja, mjumbe asimame na kusema kwa adabu: "Ndugu Mwenyekiti, naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba chama chetu hakikukubali." Kisha kumbukumbu zitakaposomwa mkutano ujao, ahakikishe kwamba maneno hayo yamo kabla ya kuzithibitisha.

Jambo la mwisho ni la heshima. Daftari la kura si fimbo ya kumpigia mjumbe. Mjumbe aliyekwenda kinyume cha maagizo apewe nafasi ya kueleza kwanza; pengine alisikia mkutanoni habari ambazo wanachama hawakuwa nazo. Lakini aeleze mbele ya waliomtuma, na maelezo yaandikwe. Mwanachama anayedai stakabadhi ya gunia lake haitwi mkorofi. Anayedai stakabadhi ya sauti yake naye asiitwe hivyo.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Kwa nini kura ya mwanachama huwa siri, na kura ya mjumbe huwa wazi?
2. Tajeni kanuni moja ya chama chenu inayoweka mpaka wa kusema. Je, inawawezesha wengi kusema, au inawanyamazisha baadhi? Ni akina nani?
3. Chukueni kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita wa chama kikuu. Ni maamuzi mangapi yanayoonyesha jinsi mjumbe wenu alivyopiga kura?
4. Mjumbe mmoja hakuwapo mara 7 kati ya 10. Mngemwuliza nini kabla ya kumchagua tena?
5. Andikeni maagizo ya mistari mitano kwa mjumbe atakayekwenda kuomba kifungu cha siku 21 kirekebishwe.